Nafasi ya Kuvuta Pumzi



Jumanne iliyopita, kikao cha wazee kilipokwisha, nilipita ukumbini kuangalia kama taa zimezimwa. Zilikuwa zinawaka. Vijana wetu wa mchezo wa vinyoya, yaani badminton, walikuwa bado ndani, na mwalimu wao alikuwa amesimama kando ya wavu, vidole viwili shingoni mwa binti mmoja wa kidato cha tatu, macho yake kwenye saa. Binti alikuwa amelowa jasho. Mguu wake mmoja ulikuwa unapigapiga sakafu kwa hamu ya kurudi uwanjani.

“Mwalimu, mimi sijachoka.”

“Sikukuuliza kama umechoka, mwanangu. Moyo wako bado uko juu. Subiri ushuke.”

Binti aliponiona mlangoni alinisalimia shikamoo huku anahema. Nikaitikia marahaba, nikavuta kiti. Nilidhani nitakaa dakika mbili, lakini nilikaa mpaka walipofunga ukumbi, na wiki nzima tangu hapo nimekuwa nikitembea na vile vidole viwili shingoni mwa yule mtoto. Kwa miaka yote niliyohudumu nimewauliza watu wengi kama wamechoka, wakanijibu hapana, nami nikaondoka nikiwa nimeridhika. Sikuwahi kuweka kidole nikahesabu.

Kwa wale ambao hawajaingia ukumbini siku za Jumanne, mazoezi yao yako hivi. Mchezaji anasimama katikati ya nusu yake ya uwanja, raketi mkononi, bila kinyoya. Mwalimu ananyoosha mkono kuelekea pembe moja: mbele kulia. Mchezaji anakimbilia huko, anainama, anapiga hewa kana kwamba kinyoya kipo, anarudi katikati. Mkono unaelekea nyuma kushoto. Anarudi kinyumenyume, anaruka, anapiga hewa tena, anarudi katikati. Pembe ni sita, wala hajui ipi inafuata. Baada ya sekunde 20 filimbi inalia, anatembea taratibu kwa sekunde 20 nyingine, filimbi inalia, anaanza upya. Wakifika mara kumi, wote wanakaa dakika tatu au nne, wanakunywa maji, ndipo wanarudia. Siku za Ijumaa wanahamia kwenye kile kilima cha nyuma ya zahanati: wanapanda mbio kwa dakika nne, kwa kasi ya kumfanya mtu ashindwe kumaliza sentensi moja, kisha dakika tatu za kutembea na kukimbia kidogokidogo, mara nne. Nimejaribu kuwafuata kwa macho kutoka dirishani kwangu na hata kuwatazama tu kunachosha.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini asiwaache wakimbie mfululizo nusu saa, kama tulivyofanya sisi shuleni. Akaniambia, “Mchungaji, mchezo wenyewe hauendi mfululizo. Unalipuka, unakatika, unalipuka tena. Kinyoya kinarushwa sekunde kumi hivi, kinaanguka, wanaokota, wanaanza. Anayeshinda mwishoni ni yule anayejua kurudi.”

Anayejua kurudi. Nilikwenda nyumbani na neno hilo, na kwa kuwa mimi nikishikwa na jambo sipati usingizi mpaka nilisome, nimesoma.

Misuli yetu ina akiba ndogo ya nguvu ya papo kwa papo, iitwayo fosfokreatini. Mchezaji anaporuka kupiga smashi, akiba hiyo ndiyo inayotumika, nayo kwa kazi ya nguvu zote hupungua sana ndani ya sekunde chache. Ikishatumika lazima ijazwe tena, na kuijaza ni kazi ya oksijeni: kama nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika, na iliyosalia huchukua dakika kadhaa. Tazameni basi mambo yalivyo. Mchezaji anapoonekana hafanyi kitu, anapofuta jasho, anapookota kinyoya, anapotembea kwenda mahali pa kuanzishia, hapo ndipo moyo na mapafu yake vinafanya ile kazi ambayo amevifundisha kwenye kile kilima. Watazamaji wanashangilia smashi. Lakini ukubwa wa pumzi ya mtu huonekana katika zile sekunde ambazo hakuna anayezitazama. Wachezaji wawili wanaweza kuruka sawasawa katika pointi ya kwanza. Ikifika ya hamsini, mmoja ameshajaza akiba yake kabla ya mwenzake kumaliza kuhema, naye anaanzisha mchezo akiwa mzima mbele ya mtu aliye nusu.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Mtu mwenye stamina tunasema ana pumzi. Aliyeishiwa, pumzi imemkata. Na anapokwenda kukaa kivulini tunasema anapumzika, yaani anairudia pumzi yake. Uhai, uwezo na utulivu vimetoka kwenye shina moja la neno, nasi tunayatumia maneno hayo kila siku bila kusikia kwamba yanaitana.

Jina la mazoezi haya kwa lugha za Ulaya, “interval,” nalo lina habari yake. Limetokana na neno la Kilatini lililomaanisha nafasi iliyo kati ya kuta mbili za ngome. Ni jina la lile pengo, wala kasi haimo ndani yake. Waliolifanya livume walikuwa Wajerumani wawili, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell wa Freiburg. Gerschler ndiye aliyemfundisha Rudolf Harbig, ambaye mwaka 1939 mjini Milan alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6, rekodi ya dunia iliyokaa miaka 16. Harbig mwenyewe hakuishi kuiona ikivunjwa. Vita vilimchukua mwaka 1944. Utaratibu wa Gerschler na Reindell ulikuwa wa ukali wa ajabu, lakini ukali wake uliangukia mahali ambapo mimi nisingeutazamia. Mwanariadha alikimbia kipande kifupi mpaka moyo ukafika mapigo kama 180 kwa dakika. Akasimama. Mapigo yalitakiwa kushuka hadi 120 au 125 ndani ya sekunde 90. Yasiposhuka, walichukulia kwamba kazi ilikuwa kubwa mno: wakapunguza umbali, au wakapunguza kasi. Kumwongezea mtu fimbo hakukuwamo katika utaratibu wao. Waliamini kwamba moyo hukua wakati wa pumziko, mapigo yanapopungua huku damu bado inarudi kwa wingi na kuujaza.

Wataalamu waliofuata wamelirekebisha hilo. Wengi leo wanasema kinachoukuza moyo ni jumla ya dakika unazofanya kazi karibu na kilele chake. Sawa. Lakini dakika hizo utazipataje bila mapengo? Mwaka 1960 kule Stockholm, Per-Olof Åstrand na wenzake walimpa mtu mzigo wa kukanyaga baiskeli ya maabara ambao, akiendelea mfululizo, ungemmaliza ndani ya dakika chache. Walipomkatia kazi vipande vipande, nusu dakika ya kazi na nusu dakika ya kupumzika, aliumudu mzigo uleule kwa saa nzima. Walipovirefusha vipande hadi dakika tatu tatu, kazi na pumziko vikiwa bado sawa kwa jumla, ilikuwa mateso. Mtu yuleyule, uzito uleule, saa ileile. Kilichobadilika ni mahali walipoweka pumzi.

Na mwaka 2007 Jan Helgerud na wenzake wa Trondheim, Norwei, walitoa matokeo ambayo mwalimu wetu anayajua kwa kichwa. Vijana 40 waligawanywa katika makundi manne, wakafanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, kila kundi likifanya jumla ya kazi ile ile. Makundi mawili yalikimbia mfululizo. La tatu lilikimbia sekunde 15 na kupunguza mwendo sekunde 15, tena na tena. La nne lilifanya zile dakika nne mara nne, moyo ukiwa kwenye asilimia 90 hadi 95 ya kilele chake, na dakika tatu za mwendo mwepesi kati yake. Hao vijana hawakuwa wachezaji wa raketi. Hata hivyo kilichopimwa ndicho mchezaji wa raketi anachokihitaji, kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Waliokimbia mfululizo hawakuongeza kitu cha kuhesabika. Kundi la tatu liliongeza asilimia 5.5, la nne asilimia 7.2.

Naomba nisieleweke vibaya. Asilimia 90 ya moyo wako ni kazi. Yule binti hakuwa anabembelezwa pale ukumbini. Nilimwona akishika magoti, nilimsikia akihema kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili. Mtu ambaye hajapanda kilima hana pumziko la kuhesabiwa, na sitaki mtu yeyote auchukue ujumbe huu akautumie kukwepa zamu ya kufagia kanisa.

Turudi kwenye raketi. Tarehe 27 Agosti 2017, mjini Glasgow, Nozomi Okuhara wa Japani na P. V. Sindhu wa India walikutana katika fainali ya ubingwa wa dunia wa wanawake. Wote walikuwa na miaka 22. Sindhu ni mrefu, karibu sentimita 180. Okuhara hafiki 160, maana yake kila pembe ya uwanja kwake iko mbali zaidi. Okuhara alichukua seti ya kwanza 21 kwa 19. Katika seti ya pili, Sindhu akiwa mbele 21 kwa 20, walirushiana kinyoya mara 73 kabla hakijaanguka. Hebu simameni hapo mlipo mjaribu kuhesabu hadi 73 kwa sauti, kila namba ikiwa hatua ya kukimbia, kuinama au kuruka. Kinyoya kilipoanguka, pointi ilikuwa ya Sindhu na seti ikawa yake, 22 kwa 20.

Sheria za mchezo huo zinatoa sekunde 60 za mapumziko mmoja anapofikisha pointi 11, na dakika mbili kati ya seti na seti. Dakika mbili tu. Baada ya mipigo 73, kila mmoja alipewa dakika mbili kuitafuta pumzi yake, kisha wakaingia seti ya tatu, ambayo Okuhara aliishinda 22 kwa 20. Mechi nzima ilichukua dakika 110. Miaka miwili baadaye, mjini Basel, wakakutana tena fainali na Sindhu akamshinda 21 kwa 7, 21 kwa 7. Ninaitaja hiyo ya Basel kwa sababu sipendi hadithi zinazokatwa mahali pazuri. Lakini moyo wangu umebaki Glasgow, kwenye zile dakika mbili za kabla ya seti ya tatu. Siku ilikuwa haijaisha na hakuna aliyekuwa ameshinda. Hata hivyo walikaa, wakanywa maji, wakavuta pumzi.

Kuna kitenzi katika Kiebrania cha Agano la Kale, chenye maana hiyo ya kuvuta pumzi, ambacho kinatokea mara tatu tu. Kimetokana na neno linalomaanisha nafsi, uhai, pumzi ya kooni. Nasi tunao ndugu zake wawili waliotujia kwa njia ya Kiarabu, nafsi na nafasi. Mnapomwambia mtu “sina nafasi,” kwa asili ya neno mnamwambia kwamba hamna pa kuvutia pumzi. Basi mara ya kwanza kitenzi hicho kinatokea katika Kutoka 23, mstari wa 12, penye amri ya kuacha kazi siku ya saba. Sababu inayotolewa pale inahusu ng’ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi pamoja na mgeni warudishiwe pumzi. Mara ya pili ni Kutoka 31, mstari wa 17, na mwenye kuvuta pumzi ni Mungu mwenyewe, baada ya siku sita za kuumba. Nimelisoma neno hilo mara nyingi na bado linanitetemesha, kwamba mwandishi hakuona haya kumweka Muumba wa mbingu na mwana wa mjakazi chini ya kitenzi kimoja.

Mara ya tatu ni 2 Samweli 16, mstari wa 14, na hapo ndipo zilipo dakika mbili za Glasgow. Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu. Amepanda Mlima wa Mizeituni akilia, kichwa kimefunikwa, miguu haina viatu. Njiani Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, anamfuata ubavuni mwa kilima akimlaani, akimtupia mawe na mavumbi. Abishai anaomba ruhusa akamkate kichwa, mfalme anakataa. Ndipo inasemwa kwamba Daudi na watu wake walifika wakiwa wamechoka, na hapo akavuta pumzi. Vita vilikuwa bado mbele yake. Absalomu alikuwa anaingia Yerusalemu. Haukupita muda, wajumbe wakaja na habari kwamba avuke Yordani usiku uleule, na kulipokucha wote walikuwa wamekwisha kuvuka. Pumziko lile lilikuwa fupi, na lilikaa katikati ya siku mbaya kuliko zote maishani mwake, mawe ya Shimei yakiwa bado yanauma mgongoni.

Nilifundishwa kulifikiria pumziko kama mshahara: maliza kwanza, ndipo ukae. Nadhani wengi wenu mlifundishwa hivyo. Mama anayeuguza mume aliyepooza anajiambia atapumzika hali ikitulia. Katibu wa kwaya anajiambia baada ya tamasha. Kijana wa bodaboda anajiambia mkopo ukiisha. Ila hali haitulii, baada ya tamasha kuna Krismasi, na mkopo una mwenzake.

Mwaka juzi, kati ya Kwaresima na Pentekoste, mimi mwenyewe sikukaa chini. Misiba ilifuatana, ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti ulikwama, darasa la kipaimara halikuwa na mwalimu. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba Bwana ananipa nguvu, na ilikuwa kweli, kwa maana miguu ilisimama na sauti ilitoka. Kisha siku moja, kaburini, mbele ya mjane na watoto wanne, niliomba nikataja jina la marehemu mwingine, niliyemzika wiki iliyotangulia. Nilisikia watu wakinyamaza kwa namna ambayo sitaisahau. Mjane yule alinisamehe palepale, akanishika mkono kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Nguvu nilikuwa nazo. Nilichokosa ni nafasi ndani yangu ya kumpokea mtu mmoja zaidi, na mumewe alistahili kupokelewa kwa jina lake.

Tangu hapo siku yangu ya Jumatatu nimeifunga, na wazee wananisaidia kuilinda. Naomba na ninyi mlindane hivyo. Msiulizane tu “umechoka?” Mtumishi mwema atawaambia hapana kama alivyosema yule binti, tena hatakuwa anadanganya, aliye katikati ya mbio hausikii moyo wake mwenyewe. Mtu mwingine lazima aweke vidole na ahesabu. Kwa mama mwenye mgonjwa maana yake ni watu wawili wa jumuiya kwenda Jumatano mchana, kukaa kitandani na mgonjwa, na kumwambia mama atoke nje kwa saa mbili. Akisema hajachoka, kaeni vilevile.

Kwa wazee na wenye presha au sukari ambao wameniuliza kama mambo ya vijana hawa yanawafaa: kile kilima msikiguse kabla ya kumwona daktari. Kuna njia ya upole zaidi, iliyochunguzwa na watafiti wa Matsumoto, katika mkoa uleule wa Nagano alikozaliwa Okuhara. Watu wa makamo na wazee walitembea kwa haraka dakika tatu, kisha taratibu dakika tatu, mara tano au zaidi, siku nne kwa wiki, na miguu yao ikapata nguvu na shinikizo la damu likapungua kuliko kwa wale waliotembea mwendo mmoja. Mwalimu amekubali kuwaongoza siku za Alhamisi kuanzia lango la kanisa. Njooni na viatu vya kukanyagia vizuri.

Nirudi kwa mwana wa mjakazi, maana sijamalizana naye, na hili ndilo lililonisukuma kuandika wiki hii. Kutoka 23 haimwambii mtu apumzike yeye peke yake. Inamwambia mwenye nyumba aache kazi ili mtumishi wa nyumba hiyo apate pumzi. Sasa, Jumapili tunajaa hapa kanisani kuanzia ibada ya kwanza. Tumevaa vizuri, watoto wamepigiwa pasi. Nani aliyewapigia pasi? Nani aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akawasha jiko, na nani yuko nyumbani wakati huu anakoroga mchuzi wa wageni watakaokuja baada ya ibada? Katika nyumba nyingi za usharika huu yupo dada wa kazi, mara nyingi msichana wa miaka kumi na minane au ishirini, aliyetoka mbali, mgeni na mwana wa mjakazi kwa pamoja. Saa yake ya kulala ni mtu wa mwisho anapolala. Hakuna anayempulizia filimbi. Nimekula katika nyumba zenu na kushukuru kwa chakula, na nimekiri mbele za Mungu kwamba sikuuliza yeye anapumzika lini.

Nawaomba, kwa majina yenu kama ningekuwa nimeketi sebuleni kwenu, mumpe dada huyo siku yake. Siku nzima kwa wiki, inayojulikana, isiyoondolewa wageni wakija. Na kila siku awe na saa yake jioni ambayo hakuna anayemwita. Mkishindwa kulipanga, njooni ofisini tulipange pamoja. Nina hakika kuna namna katika kila nyumba.

Familia moja imekwisha kuanza, na nimewaomba ruhusa kusimulia. Juzi Ijumaa, kilima kikiwa na utelezi kwa mvua, mazoezi yalihamia ukumbini. Mama wa nyumba mwenyewe alimleta dada yao mpaka mlangoni, akamwambia atamfuata saa kumi na mbili, akaondoka. Msichana alisimama pembeni amevaa raba za mtu mwingine. Hakuwahi kushika raketi. Mwalimu akampa moja, akamwonyesha namna ya kuikamata, akamweka katikati pamoja na wengine, akaanza kunyoosha mkono. Mbele kulia. Nyuma kushoto. Msichana alikuwa na miguu mepesi kuliko nilivyotegemea, na kufikia mzunguko wa tatu alikuwa anacheka kwa sauti.

Filimbi ya pumziko refu ikalia. Wengine wote wakajitupa sakafuni na chupa zao za maji. Yeye alibaki amesimama, akatazama huku na huku, kisha akainama akaanza kuviokota vinyoya vilivyotapakaa ukumbini, kimoja kimoja, akivipanga kwenye kopo lake.

“Acha, dada,” mwalimu alimwambia. “Huu ni muda wa kuvuta pumzi.”

Akasimama na vinyoya mkononi, hajui aviweke wapi. Yule binti wa kidato cha tatu aliinuka pale alipokuwa, akavipokea, akamvuta mkono, wakaketi wote wawili ukutani. Mwalimu akaenda akachuchumaa mbele yao, akaweka vidole viwili shingoni mwa dada, akatazama saa, akaanza kuhesabu.